Saratani "Inaporudi": Tahakiki ya Maneno ya Kukadiria Mrejeo Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume

Katika kazi ya kusanifisha istilahi imekuwa desturi kuyapima maneno moja moja: neno hili limeundwa vizuri, lile halikuundwa vizuri, hili lina asili ya Kibantu, lile ni la mkopo. Njia hiyo ina faida zake, nasi tumeifuata mara nyingi. Lakini yako maneno ambayo yakitazamwa pekee hayana kasoro yoyote, na yakikutanishwa katika sentensi moja humpotosha msomaji. Mfano ulio wazi kuliko yote tunaoufahamu ni ule wa maneno yanayotumika kumweleza mwanamume aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume kwamba ugonjwa wake unaweza kurudi, na ni kwa kiasi gani.

Hebu tuichukue sentensi ifuatayo. Hatukuinakili mahali popote. Tumeitunga wenyewe kwa maneno ambayo mfasiri wa leo ameyazoea:

"Baada ya upasuaji wa tezi dume, mgonjwa amekutwa na ukingo chanya na alama za Gleason 7. PSA yake sasa ni sifuri. Ana hatari ya asilimia 30 ya saratani kurudi katika miaka 5."

Kisarufi sentensi hizi hazina kosa, na mtahini hatapata pa kuweka kalamu nyekundu. Mganga bingwa naye ataielewa, kwa sababu anayajua yaliyo nyuma ya kila neno. Lakini hakuandikiwa mganga. Ameandikiwa mwananchi ambaye amelala kitandani, au mwanawe anayemsomea, na tunathubutu kusema kwamba mtu huyo ataielewa kinyume karibu kila inapotua. Madhara yake si ya lugha tu. Maisha ya mgonjwa wa namna hii hutegemea jambo moja ambalo hakuna daktari awezaye kumfanyia kwa nguvu, nalo ni kurudi hospitali kupima damu, mwaka baada ya mwaka, hali anajiona mzima.

Tuanze na tezi dume yenyewe. Wengine husema tezi kibofu, na ubishi kati ya majina hayo mawili hautuhusu leo. Linalotuhusu ni neno "tezi". Katika vitabu vya elimu ya viumbe tezi ni kiungo kinachotoa majimaji fulani mwilini. Lakini katika mazungumzo ya kila siku tezi ni uvimbe. Aliyevimba shingo huambiwa ana tezi. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo kwamba watu husema "fulani ana tezi dume" wakimaanisha kwamba ni mgonjwa, ingawa kila mwanamume amezaliwa nayo. Jina la kiungo limegeuka kuwa jina la ugonjwa, tena la magonjwa mawili kwa pamoja: ule uvimbe wa uzeeni usio saratani, unaobana mkojo, na saratani yenyewe.

Sasa mwambie mtu mwenye matumizi hayo kwamba "ameondolewa tezi dume". Atakachosikia ni kwamba ugonjwa umeondolewa. Mwambie tena kwamba anaweza kurudiwa na "saratani ya tezi dume", naye atauliza, kwa haki kabisa, itarudije katika kitu ambacho hakipo. Jibu la kitabibu ni jepesi: saratani huitwa kwa jina la mahali ilipoanzia, na seli zilizotoka katika tezi dume zikienda kukaa kwenye mfupa wa kiuno bado ni saratani ya tezi dume, wala haiwi saratani ya mfupa. Lakini jibu hilo halimo katika sentensi yetu, na wala hatujaliona likielezwa mara nyingi katika maandishi ya Kiswahili.

Kuna na tatizo la pili katika maneno hayo hayo. "Upasuaji wa tezi dume" ni jina la kazi mbili zisizofanana. Ipo ile ya kuikwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo ili mkojo upate kupita. Hapo ganda la nje la tezi hubaki mahali pake. Ipo na ile ya kuiondoa tezi nzima pamoja na vifuko vya shahawa vilivyoambatana nayo, ambayo ndiyo hufanyika kwa nia ya kuponya saratani, na ambayo Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Baltimore, aliiboresha mwaka 1982 alipoonyesha namna ya kuinusuru mishipa ya fahamu iliyo kandokando ya tezi. Makadirio yote ya mrejeo tunayoyazungumza ni ya upasuaji huu wa pili. Mtu aliyekwanguliwa tu, akisoma asilimia zilizotungwa kwa ajili ya aliyeondolewa tezi nzima, anasoma barua ya mtu mwingine. Tunapendekeza basi "ukwanguaji wa tezi dume" kwa ile ya kwanza na "uondoaji wa tezi dume nzima" kwa ya pili, na neno "upasuaji" likiwa peke yake lisitumike kabisa panapotajwa tarakimu.

Kuhusu "saratani" na "kansa" hatuna la kusema isipokuwa kwamba yote mawili, moja kwa njia ya Kiarabu na jingine kwa njia ya Kilatini, asili yake ni kaa wa pwani, na kwamba ugomvi wake umekwisha.

Neno "kurudi" lahitaji kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Arudiye ni yule aliyekuwa ameondoka. Saratani inayosemwa kuwa imerudi, mara nyingi haikuondoka: seli chache zilikuwa zimekwisha kutoka nje ya tezi kabla ya kisu kufika, nazo zilikuwa ndogo mno hata hakuna picha wala darubini iliyoweza kuzionyesha. Mkulima aliyekata mti akaacha mzizi ardhini haseme mti umerudi, husema umechipua. Tulipata kufikiri kwamba "mchipuo" lingekuwa neno zuri kuliko yote kwa jambo hili, kwa kuwa linabeba ndani yake habari ya kilichobaki. Lakini kuchipua kuna sifa njema katika lugha yetu, ni neno la mvua za kwanza na la watoto, na si jambo la adabu kumwambia mgonjwa kwamba saratani yake imechipua. Basi na tubaki na "mrejeo" kuwa jina la kitaalamu, kwa sababu tayari kitenzi chake kinafahamika na umbo lake ni la kawaida. Ila katika maelezo kwa mgonjwa isemwe wazi kwamba ni mabaki yaliyoibuka. Tofauti hiyo humsaidia hata kimoyo. Anayeambiwa kwamba ugonjwa "umerudi" hutafuta kosa alilolifanya baada ya kupona, chakula alichokula au mtu aliyemkasirisha. Anayeambiwa kwamba ni mabaki hana sababu ya kumtafuta mchawi.

"Kujirudia", ambalo tumeliona likitumiwa na baadhi ya waandishi, halifai. Kinachojirudia ni kitendo au tabia.

Lakini mrejeo wenyewe ni wa namna mbili, na hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka. PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, zilizo nzima na zilizo na saratani pia. Tezi yote ikishaondolewa, damu hujisafisha. Kiasi cha protini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 au 3 hivi, na ndiyo maana kipimo cha kwanza huchukuliwa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Baada ya hapo haipasi iwepo. Ikionekana, na ikaonekana tena katika kipimo cha pili, maana yake ni kwamba mahali fulani mwilini zipo seli zinazoitengeneza. Chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa mkojo kilipendekeza mwaka 2007 kwamba mpaka uwe nanogramu 0.2 kwa mililita moja, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Huo ndio mrejeo wa kwanza, mrejeo wa damu peke yake. Mgonjwa haumwi na kitu, na picha za mifupa huwa safi.

Mrejeo wa pili ni wa ugonjwa wenyewe, unapoonekana katika mifupa au penginepo. Kati ya mrejeo huu na ule kuna umbali mkubwa ajabu. Mwaka 1999 Charles Pound na wenzake walichapisha habari za wanaume 1,997 waliofanyiwa upasuaji huo Johns Hopkins. Waliopanda PSA walikuwa asilimia 15. Kati ya wale ambao hawakupewa dawa za homoni mapema, kama theluthi moja hatimaye saratani ilienea mbali. Na tangu PSA ipande hadi ienee, muda wa kati ulikuwa miaka 8. Tunasema "muda wa kati" kwa maana ya ule unaowagawa wagonjwa nusu kwa nusu, wala si "wastani", ingawa wafasiri huyachanganya hayo mawili kila siku na walimu wa hesabu hulalamika bila kusikilizwa. Tangu ienee hadi kufa, ilikuwa miaka 5 mingine. Hiyo ni hesabu ya zamani, ya wakati ambapo tiba zilikuwa chache kuliko za sasa.

Sasa makadirio mengi yanayotolewa baada ya upasuaji ni ya mrejeo wa damu, wala si ya ugonjwa kuenea, na si ya kifo. Mfasiri anayeandika "saratani kurudi katika miaka 5" bila kusema ni mrejeo upi amemwambia mtu ambaye huenda ataishi miaka 20 kwamba amebakiziwa 5. Tumesikia maneno hayo yakieleweka hivyo hasa: "daktari amempa miaka mitano". Kwa hiyo yatengwe majina mawili, "mrejeo wa PSA" na "mrejeo wa ugonjwa". Wapo watakaotaka "mrejeo wa kibayokemia". Neno hilo halimwambii mtu kitu ambacho hakukijua, na asiyekijua halimsaidii.

Tuje kwenye "sifuri". Hakuna mashine inayopima sifuri; ipo mashine ambayo chini ya kiwango fulani haioni. Mashine nyingine huishia 0.1, nyingine huona hata sehemu ndogo zaidi. Wenzetu wa huduma za UKIMWI walikwisha kulikabili jambo hilo hilo walipozungumzia wingi wa virusi, wakasema "visivyogundulika", na uamuzi wao ulikuwa wa busara. Nasi tufuate njia hiyo: "PSA isiyopimika". Akiambiwa sifuri, mgonjwa hudhani hesabu imefungwa. Akiambiwa haipimiki, anajua kwamba kesho inaweza kupimika.

Ubaya unazidi katika fomu ya maabara. Kwenye fomu hizo huwa kumepigwa chapa "kiwango cha kawaida: 0 hadi 4". Kiwango hicho ni cha mwanamume mwenye tezi yake. Kwa asiye nayo hakina maana yoyote. Mtu aliyeondolewa tezi nzima akaletewa jibu la 0.6 ataitazama fomu, ataona kwamba yuko chini kabisa ya 4, atamshukuru Mungu, atarudi shamba. Wakati huo amevuka mpaka wake mara tatu. Hapa si suala la kubuni neno jipya, bali la kuongeza maneno machache katika fomu iliyopo: "kiwango hiki si cha aliyeondolewa tezi dume". Tunawaomba watumishi wa serikali wanaoidhinisha fomu za namna hiyo walione jambo hili kuwa ni la lugha pia, wala si la maabara tu.

"Ukingo chanya" ndilo neno baya kupita yote katika sentensi yetu, na ndilo lililofasiriwa kwa uaminifu kupita yote. Tezi iliyotolewa hupakwa wino kwa nje, kisha hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Seli za saratani zikigusa wino, maana yake kisu kilipita katikati ya saratani, na huenda nyingine zimebaki upande wa pili, mwilini. Hiyo ndiyo inayoitwa chanya. Lakini kwa miaka mingi sasa tumewafundisha wananchi kusema "mtazamo chanya", "mabadiliko chanya", "mchango chanya". Chanya ni jambo jema. Mwanamume anayeambiwa kwamba ukingo wake ni chanya hana sababu ya kuhuzunika, na yule anayeambiwa kwamba ni hasi atakosa usingizi bure. Neno hili lilizaliwa katika hesabu, kwa ajili ya namba zilizo juu ya sifuri, na huko lilifaa. Tangu lilipohamia katika siasa na semina limepata maana nyingine ambayo hatuwezi tena kuiondoa. Yafaa tiba iliache. "Ukingo wenye saratani" na "ukingo safi" yanatosha. Maneno ni marefu kidogo, na hakuna atakayeyageuza.

Kuhusu Gleason. Donald Gleason, mtaalamu wa patholojia wa Minnesota, alitoa mpango wake mwaka 1966 wa kuzipanga seli za saratani hii kwa jinsi zinavyojipanga chini ya darubini, kuanzia 1 hadi 5; huchukuliwa mpangilio ulioenea zaidi, hujumlishwa na ule unaoufuata. Kwa hiyo mtu mwenye 3 na 4 ana 7, na mwenye 4 na 3 ana 7 vilevile. Kila mwalimu wa darasa la pili atathibitisha kwamba 3 jumlisha 4 na 4 jumlisha 3 ni mamoja. Katika tezi dume si mamoja hata kidogo: yule wa 4 kwanza ana ugonjwa mkali zaidi. Wafasiri wanaoandika "3 jumlisha 4", au wanaoandika 7 tu, wameitupa habari iliyokuwa na thamani kuliko jumla yenyewe. Kiswahili kina neno fupi linalotunza mpangilio, nalo ni "kisha". Tuandike "3 kisha 4". Hapo hakuna atakayejaribu kuzigeuza.

"Alama" nalo ni neno la shule, na shuleni alama nyingi ni furaha. Gleason ya chini inayotolewa siku hizi kwa kawaida ni 6, na mwenye 6 hudhani amepata sita ya kumi, yaani yuko katikati, kumbe yuko mwanzoni kabisa. Wataalamu wenyewe waliliona hilo, na katika mkutano wao wa Chicago mwaka 2014 walikubali makundi matano, la 1 likiwa la saratani pole na la 5 kali. Kwa bahati mpango huo unaingia katika Kiswahili chetu bila shida, kwa sababu mtu aliyesoma Tanzania anajua kwamba daraja la kwanza ndilo bora. "Daraja la 1" hadi "daraja la 5" basi. Ni mara chache mambo hutuendea vizuri namna hii.

Sasa "hatari ya asilimia 30". Hatari ni neno la kupigiwa kelele. Huandikwa kwa rangi nyekundu kwenye nguzo za umeme chini ya picha ya fuvu. Humwambia mtu akimbie, halimwambii ahesabu. Ukilipa asilimia, msikilizaji haoni hesabu bali ukubwa wa kitisho, na wengine huelewa kwamba asilimia 30 ya mwili imeshikwa. Maofisi ya serikali siku hizi yana "vihatarishi", nalo ni neno zuri kwa yale mambo yanayoongeza uwezekano wa jambo baya: ukingo wenye saratani ni kihatarishi, PSA iliyokuwa juu kabla ya upasuaji ni kihatarishi. Lakini kiasi chenyewe si kihatarishi. Kiasi ni "uwezekano", na kitendo cha kukitafuta ni "kukadiria". Tumewahi kuulizwa kwa nini isiwe "kutabiri". Tabiri ina hewa na mvua, na nyuma yake yuko mpiga ramli. Humfanya daktari kuwa mtu anayejua yajayo akayaficha. Anayekadiria hukisia kwa vipimo, kama fundi anayekadiria mifuko ya saruji, na kila mtu anajua kwamba fundi anaweza kupungukiwa. (Kweli "kadirio" na "kadari" ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lakini katika masikio ya msemaji wa Kiswahili walikwisha kuachana zamani.)

Kadirio hilo hupatikanaje? Michael Kattan na wenzake walitoa mwaka 1998 na 1999 michoro iitwayo nomogramu, ambayo kila jambo lina mstari wake wenye vipimo kama vya rula; unahesabu pointi za kila mstari, unazijumlisha, unasoma uwezekano chini. Neno "nomogramu" libaki kama lilivyo kwa wataalamu. Mwaka 2011 Matthew Cooperberg na wenzake wa San Francisco walitoa njia nyepesi zaidi, CAPRA-S, ambayo mtu anaweza kuihesabu kwa vidole. PSA ya kabla ya upasuaji hupewa pointi 0 hadi 3: isiyozidi 6 haina pointi, hadi 10 ina 1, hadi 20 ina 2, na zaidi ya hapo 3. Gleason isiyozidi 6 haina pointi, 3 kisha 4 ina 1, 4 kisha 3 ina 2, na 8 hadi 10 ina 3. Ukingo wenye saratani ni pointi 2, na vifuko vya shahawa vilivyoingiwa ni 2. Saratani iliyotoboa ganda la tezi ni 1, na iliyofika kwenye vifundo vya limfu ni 1. (Tunasema "vifundo", wala si "tezi za limfu", ili tusije tukaandika kwamba saratani ya tezi imefika kwenye tezi.) Jumla kubwa kabisa ni 12. Asiyezidi 2 yuko katika kundi la uwezekano mdogo, 3 hadi 5 ni wa katikati, kuanzia 6 ni mkubwa. Mtu wetu, tukimpa PSA ya 8 na Gleason ya 3 kisha 4, ana pointi 4. Kama mfasiri alizipindua zile namba mbili za Gleason, ana 5.

Asilimia inayotoka katika hesabu hiyo ina sehemu tatu ambazo zisipotajwa asilimia haina maana: ni ya jambo gani, ni katika muda gani tangu lini, na ni miongoni mwa nani. Ya kwanza tumekwisha kuisema. Kuhusu ya pili, kadirio lina tarehe kama lilivyo na namba. Aliyeambiwa siku ya kutoka hospitali kwamba uwezekano wake ni huu, akafika mwaka wa nne bila PSA kupanda, uwezekano uliobaki si ule tena. Umepungua, kwa maana amekwisha kuipita miaka ambayo wenzake wengi waliangukia. Karatasi yake ya zamani inamtisha bila sababu. Tarehe iandikwe kando ya namba. Na kuhusu ya tatu, majedwali haya yalitengenezwa kwa wanaume waliotibiwa Marekani, na uaminifu wa tafsiri unataka jambo hilo libaki ndani ya sentensi.

Tukiyachukua hayo yote, sentensi yetu itakuwa hivi:

"Tezi dume yako yote imeondolewa. Kwenye ukingo wa tezi iliyotolewa zilionekana seli za saratani, kwa hiyo huenda nyingine zimebaki mwilini. Gleason yako ni 3 kisha 4, yaani daraja la 2. PSA yako leo haipimiki. Kati ya wanaume 10 waliotibiwa Marekani wakiwa na hali kama yako, 3 PSA yao hupanda ndani ya miaka 5 tangu upasuaji, na 7 haipandi. PSA ikipanda, ugonjwa bado unaweza kutibiwa kabla hujausikia mwilini. Hutajua kama imepanda usipopima."

Tumekwisha kuambiwa kwamba maneno ni mengi na fomu ni ndogo. Ni kweli. Fomu ya daktari kwa daktari na iendelee kuwa fupi. Ndiko mahali pa istilahi. Lakini maandishi yanayomwendea mgonjwa si mahali pa kuonyesha kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili, na mfasiri anayehesabu maneno hapo anabania pasipo pa kubania.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia dawa. Mionzi inayotolewa baada ya PSA kupanda huitwa kwa Kiingereza kwa neno la kuokoa chombo kilichozama, na tafsiri zake zinazozunguka ni "mionzi ya uokozi" na, mbaya zaidi, "mionzi ya wokovu". La pili ni la kanisani. La kwanza humfanya mgonjwa aone kwamba amekwisha kuzama na hii ni kamba ya mwisho, ilhali mwaka 2020 jaribio la RADICALS-RT, lililofanyika kwa wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Kanada na Ireland, lilionyesha kwamba kuwapa wote mionzi mara baada ya upasuaji hakukuwa na faida kuliko kungoja na kumpa yule tu ambaye PSA yake imepanda, na tena kuliwaongezea matatizo ya mkojo. Kungoja basi ni mpango, tena mpango unaosimama juu ya mgonjwa kuelewa anangoja nini. "Mionzi ya baada ya PSA kupanda" ni sahihi lakini ni sentensi, si istilahi. "Mionzi ya hatua ya pili" yaweza kudhaniwa kuwa inahusu hatua ya ugonjwa. Walimu na wafasiri walio na neno bora wanaombwa walilete, pamoja na mfano wa sentensi ambamo mgonjwa mwenyewe ataambiwa.